R ya Kura, L ya Kula

Majina siandiki. Binti yangu ndiye aliyenikataza, akasema mama, utajiletea kesi. Sawa. Lakini undugu nitauandika, na cheo cha mtu nitakiandika, na kule kwetu ziwani hiyo inatosha. Ukiuliza shemeji wa yule mjane aliyekatwa vidole anakaa wapi, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuonyesha mlango.

Kwa hiyo wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Wa pili ni wifi yangu, dada yao. Wa tatu ni aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuwa na muhuri na aliutumia. Nimewaweka hapa mwanzoni nisije nikachoka nikiwa katikati ya maneno nikawasahau.

Sasa habari ya bango.

Mimi nauza samaki wa kubanika, Igogo. Asubuhi nanunua sangara na sato, napasua, natia chumvi, nawapanga juu ya chanja, na chini nawasha kuni zisizokauka vizuri, zile zinazotoa moshi mwingi kuliko miali. Halafu nakaa hapo hapo, nageuza, nanusa, mpaka samaki awe na rangi ya chai ya rangi. Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu, ila samaki hajali. Na samaki wa namna hii anauzwa kwa jina la aliyembanika. Mteja hasemi nataka samaki, anasema nataka wa mama fulani. Jina likichafuka unaweza kubanika vizuri kuliko wote sokoni na bado ukarudi nyumbani na beseni limejaa.

Mwaka huu beseni likaanza kurudi limejaa.

Aliyenifungua macho ni mama lishe mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja mkono mtupu, hakuwa hata na mfuko.

"Mama, usinielewe vibaya," akasema. "Mimi mambo hayo siyaamini. Ila wanaokula kwangu wameona picha."

"Picha gani?"

Akanipa simu yake. Nyumba ya mawe, mlango mfupi umepakwa kijani, maua dirishani, msichana na mvulana wamesimama mbele wanacheka na glasi mkononi. Juu ya mlango kuna ubao mweupe wenye herufi za kuvingirika: NYUMBA YA LOZI.

Nyumba niliijua kabla sijasoma. Mawe yale nusu yake niliyabeba mimi kichwani.

"Si ndiyo kwenu kule?" akaniuliza.

"Ndiyo kwangu."

"Basi wanasema wenyewe wameamua kuandika kabisa. Nyumba ya mlozi."

Kwa asiyejua: mlozi ni mchawi, ulozi ni uchawi. Kule kwetu ukitaja lozi hakuna anayefikiria tunda. Yule mama akachukua simu yake, akaniaga kwa heshima zote, akaenda kununua samaki kwa jirani yangu, mbele yangu.

Nirudi nyuma kidogo, si sana. Mume wangu alijenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma, na ubavuni akajenga banda la mawe la kubanikia samaki, kuta nene, ili moshi usipotee. Nilibanika humo miaka kumi na moja. Moshi ulinifanya macho mekundu, na hayajawahi kurudi kuwa meupe. Mume wangu alipokufa kwa homa ya wiki moja, matanga yakaisha, shemeji akaja akasema nichague: nirudi kwa wazazi wangu Magu au nikae chini yake. Nikakataa yote mawili. Nikawasha moto wangu nikaendelea na kazi. Mwaka haujaisha ng'ombe wake wawili wakafa. Wifi yangu akasimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanawake wote wapo na mabeseni yao, akasema, "Mtazameni macho." Hakusema zaidi ya hapo, maana kule kwetu mwanamke mwenye macho mekundu ameshaitwa mlozi. Mwenyekiti akaitisha kikao, na kwenye kikao hicho sikupewa nafasi ya kufungua mdomo.

Watu hudhani mambo haya hufanywa usiku. Mimi walinijia saa tisa alasiri, jua linawaka, watoto wanatoka shule. Shemeji alikuwa mbele. Nilinyanyua mkono wa kushoto kuzuia panga, na huo ndio mwisho wa vidole viwili. Nikakimbilia ziwani nikasimama kwenye matete, maji shingoni, mpaka wavuvi wasionijua wakanipakia. Binti yangu alikuwa bweni, ndiyo salama yake. Shemeji akauza kiwanja, mwenyekiti akagonga muhuri. Nimekwenda kudai mara mbili, na mara mbili faili halikuonekana. Nyumba nikaacha kuidai, maana mtu anachoka. Jina ndilo sikuwa nimeacha, kwa sababu ndilo linalonilisha kila siku.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja: bango lile lishuke.

Ningekwenda kama mlalamikaji ningeishia getini. Nikamwambia binti yangu atafute hiyo nyumba kwenye simu, inapangishwa kwa wageni wa mapumziko, aniwekee siku mbili.

"Mama," akasema, "unataka kulipa ulale kwenye nyumba yako?"

"Mgeni aliyelipa anasikilizwa."

"Na wakikujua?"

"Ndiyo nataka wanijue. Weka."

Akaweka. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikabeba begi dogo, nikashuka basi njia panda ya kuelekea ziwani, nikachukua bodaboda. Yule dereva alipoona nimetaja nyumba ile akaniuliza kama naenda kufanya usafi. Nikamwambia naenda kupumzika. Akacheka njia nzima.

Sasa hebu niieleze hiyo nyumba. Vyumba vyetu viwili vya tofali wamevibomoa. Aliyenunua alilitaka banda. Mlango wameuacha mfupi vile vile, mpaka uiname, na wameandika kikaratasi kwamba uangalie kichwa. Ndani wamepiga chokaa nyeupe, wameweka kitanda chenye mito sita, sijui vichwa sita vya nani. Pazia za maua, kikombe cha maua, birika la chai limevalishwa sweta. Kopo la biskuti. Vitabu vya Kiingereza ukutani. Na pale hasa palipokuwa na moto wangu, wamejenga kwa matofali meusi jiko la kuotea moto, kama la nchi za baridi. Mwanza! Nikainama kulichungulia. Halijawahi kuwashwa. Ni la kutazamwa tu, limewekewa magogo matatu yaliyosafishwa yakapakwa vanishi.

Nilikaa kitandani kwanza. Chokaa na yale manukato waliyoweka kwenye bakuli, chini yake nilisikia harufu ya samaki. Mawe hayasahau haraka. Sikulia. Nilikula biskuti.

Mwenye nyumba anakaa nyumba kubwa ya pembeni, hapo hapo uwanjani. Mama wa miaka sitini hivi, mweupe wa sabuni nzuri, mjane kama mimi. Ila macho yake meupe, na hakuna aliyemfukuza. Alikuja jioni na sinia.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu. Umependa nyumba?"

"Nimeipenda. Umeikuta hivi?"

Hapo akafurahi, akakaa. Kumbe aliishi Uingereza miaka mingi, kazi yake kutunza wazee. Kila mwaka yeye na mumewe walikuwa wanapanga wiki moja kwenye kijumba kijijini huko, na kijumba chenyewe zamani kilikuwa zizi la farasi.

"Zizi?" nikamuuliza.

"Zizi kabisa! La mawe, mlango mfupi, kama hili. Wakaweka kitanda, pazia, jiko la kuotea moto. Watu wanagombania. Na huko vijijini nyumba hazina namba, mdogo wangu, zina majina. Kile kijumba chetu kilikuwa na waridi mlangoni, basi kinaitwa jina la waridi, Rozi. Barua inafika kwa jina hilo. Mume wangu alikuwa anasema, tukirudi nyumbani tutatengeneza chetu. Hakukiona."

Nikampa pole. Kisha nikauliza, kwa sababu nilitaka kujua kweli, "Na farasi walikwenda wapi?"

Akanitazama. "Sijui. Sikuwahi kuuliza."

"Na humu unajua alitolewa nani?"

"Niliambiwa kulikuwa na mama anabanika samaki. Akahamia kwa ndugu zake, akafa."

"Alikuambia nani?"

"Mzee aliyeniuzia. Shemeji yake."

Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya sinia, karibu na kikombe chake. "Basi kama nimekufa, nimekufa nikiwa na njaa, dada, maana biskuti zako nimezimaliza."

Alitazama mkono, akatazama macho yangu, na kikombe akakirudisha kwenye sahani kwa mikono miwili. Nikamwambia yote niliyoyaandika hapo juu. Sikumficha mtu hata mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye bango akashika kichwa.

"Lakini lile ni kosa la fundi! Mimi nilitaka Rozi. R! Akaandika L. Nikasema basi, hata lozi ni jina zuri, ni tunda. Wageni wanalipenda."

"Nani alimleta fundi?"

"Huyo huyo shemeji yako."

Hapo moyo wangu ulipiga kwa furaha, sitadanganya. Nikasema nimempata. Usiku huo nililala kwenye mito sita nikijua kesho nitamuumbua shemeji yangu mchana kweupe.

Inabidi niseme kitu kuhusu hizo herufi mbili. Mimi niliishia darasa la nne. Kisukuma chetu hakina R, na ulimi wa Msukuma ukikutana nayo unaigeuza L bila mwenyewe kujua. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka pwani, na jambo hilo lilikuwa linamtia kichaa. Siku moja baada ya uchaguzi akatuuliza, "Wazazi wenu jana walikwenda kupiga nini?" Darasa zima: "Kula, mwalimu!" Akatuchapa wote, benchi kwa benchi. "Kura ni karatasi! Kula ni ugali!" Mimi nilichapwa mara nyingi kuliko wengine, ndiyo maana hata leo siwezi kukosea. Mengine ya shule yameniponyoka. R haijaniponyoka.

Asubuhi nikatembea mpaka njia panda, kwa fundi wa mabango. Nilimkuta anapaka jina la saluni. Mtu mzima, ana heshima, akanipa kigoda. Nikamuuliza nani alimpa maneno ya bango la nyumba ya ziwani.

"Mzee wa pale chini. Alitumwa na yule mama mwenye nyumba."

"Alikuambiaje?"

"Aliniambia, andika Nyumba ya Lozi."

"Hukumuuliza herufi?"

"Nilimuuliza!" Akaweka brashi chini, ameumia. "Mama, mimi siandiki bila kuuliza, nimeshapata hasara sana. Nikamwambia, mzee, hii ni L ya kula au ni L ya kula?"

Naandika alivyotamka.

"Akasema?"

"Akasema, ya kula."

"Ya kula karatasi au ya kula ugali?"

"Hapo sasa," akasema, "sikumuuliza."

Nikakaa pale kwenye kigoda. Nilikuwa nimekuja na shauku ya kusikia kwamba shemeji yangu alimwambia, andika mlozi, tumkomeshe yule mwanamke. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumwambia. Kumbe ni Wasukuma wawili wamesimama kwenye vumbi wanaulizana L na L. Hata mimi mwalimu wangu asingenichapa ningefanya vile vile. Kwa hiyo naandika hapa, kwa sababu ni kweli: herufi ile si kosa la shemeji yangu. Iliniuma kuliandika hilo kuliko unavyofikiri.

"Lakini baadaye si aliliona likiwa juu?" nikauliza.

Fundi akarudi kwenye brashi yake. Akapaka kidogo. "Aliliona. Siku ile ile watu walikusanyika, wanacheka. Mimi nikamwambia mzee, naona tumeharibu, watu wanasoma vingine, nirudie bure. Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, acha hivyo hivyo, Mungu mwenyewe kaandika."

"Alisema hivyo?"

"Mbele za watu, mama. Dada yake alikuwepo, alipiga vigelegele."

Sawa. Hayo sasa ni ya kwao. Walijua, wakaona mwenye nyumba hajui, wakanyamaza mwaka mzima wageni wanapiga picha chini ya jina langu.

"Chukua rangi yako," nikamwambia fundi, "twende."

Akaja. Mwenye nyumba alikuwa ameshaamka na suluhisho lake. Alikuwa amesimama chini ya bango na ngazi, anachekelea kama mtu aliyepata usingizi mzuri.

"Ni kitu kidogo," akasema. "Fundi atafuta L aweke R. Rozi. Yamekwisha."

"Hayajaisha, dada."

"Kwa nini?"

"Fundi, andika R hapa kwenye karatasi. Nyumba ya Rozi, R ya kura. Hivi." Nikamchorea. Akaandika, mkono mzuri, R yenye tumbo na mguu. "Haya, msomee mama."

Fundi akakohoa, akasoma kwa sauti: "Nyumba ya Lozi."

Mwenye nyumba akacheka. Akasema, "Rudia."

"Nyumba ya Lozi, mama."

Hakucheka tena. Alitazama ile karatasi, akatazama barabara, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza alisikia watu wa kijiji chake wanavyosema. Miaka mitatu anaishi hapo.

"Basi lishuke," akasema. "Nyumba ikae bila jina."

Fundi akapanda ngazi, akalishusha. Kwa mtu mwingine hapo kazi ingekuwa imeisha. Ndicho nilichokuwa nimekifuata, bango lishuke, na limeshuka, lipo kwenye majani. Na mimi nilikuwa nimesimama najua kabisa kwamba sijapata kitu. Ubao unashuka, mdomo haushuki. Ukiacha mlango mtupu watu wataendelea kusema pale kwa Lozi, na safari hii watasema limeshushwa kwa sababu ni kweli.

"Dada, haliwezi kukaa bila jina. Wawekee watu neno jingine mdomoni."

"Nyumba ya Maua."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Maua yana ubaya gani?"

"Hayana ubaya. Yanapendeza. Ila yanafunika. Ukiweka maua watu watasema wamefunika uchawi kwa maua. Andika kilichokuwemo. Andika Nyumba ya Moshi."

"Moshi?" Akashtuka kweli. "Wageni watadhani ni nyumba ya mtu wa Kilimanjaro!"

"Wadhani."

"Mdogo wangu, mimi nafanya biashara. Nani atalipa akalale kwenye moshi?"

"Wale wa Uingereza walilipa wakalala kwenye zizi."

Fundi akageuka akatazama ziwa, mabega yanatetemeka. Mwenye nyumba hakupenda. Akaniambia nyumba ni yake, ana karatasi, yeye hakumkata mtu. Nikamwambia yote ni kweli na sidai hata jiwe moja. Akaniambia siku zangu mbili zinaisha kesho asubuhi, na alasiri kuna wageni wengine wanafika. Nikamwambia watanikuta.

"Utakaa tu?"

"Nitakaa hapa mlangoni. Mlango wenyewe mfupi, watanirukaje? Wakiniuliza mimi nani nitawaambia, na vidole nitawaonyesha. Nina samaki wanaharibika Igogo kwa ajili ya hili, dada, kwa hiyo usifikiri nafanya mchezo."

Aliingia kwake akafunga mlango. Nikakaa kwenye kizingiti, fundi akakaa kwenye ngazi. Jua likapanda. Mbuzi wakaja wakala waridi mbili, hakuna aliyewafukuza. Fundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na hiyo Moshi ina L?"

"Haina. Wala R. Ndiyo maana nimeichagua."

"Ahsante sana," akasema, na alimaanisha.

Ilikuwa karibu adhuhuri mwenye nyumba alipotoka. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Akasema, bila kunitazama, "Mume wangu angekubali. Yeye alikuwa anauliza maswali. Habari ya wale farasi angeshaiuliza siku ya kwanza." Kisha akamwambia fundi apake ubao wote upya, asibandike kipande.

Nikaomba kitu kimoja cha mwisho: ubao upakwe barabarani, si uani. Akakubali, alikuwa ameshachoka na mimi.

Kwetu mtu akipaka rangi barabarani ni kama mkutano. Wakaja wanawake wanaotoka mwaloni, wakaja waendesha bodaboda. Wachache walinijua wakanyamaza. Mmoja, tuliyekuwa tukikopeshana chumvi zamani, alinipa mkono, akaushika ule wa kushoto, akauachia haraka. Sikumlaumu wala sikumsaidia. Yeye naye alikuwepo mwaloni siku ile ya macho, na hakusema kitu.

Shemeji yangu alikuja wakati fundi yupo kwenye neno la mwisho. Amezeeka vibaya, anatembelea fimbo. Akaniona. Nilijua ataniona, na nilikuwa nimejiambia sitanyanyuka. Sikunyanyuka.

"Ah, shemeji!" akasema kwa sauti ya watu. "Karibu nyumbani! Umepotea sana."

"Sijapotea. Mnajua nilipo, si mnanisema mpaka Igogo?"

Watu wakaguna.

"Ya zamani hayo, shemeji. Tulikuwa vijana. Shetani alipita."

"Shetani hakuja na panga. Ulikuja nalo wewe."

Akatafuta macho ya watu. Hakuna aliyempa. Akarudi kwenye bango, akafikiri pana usalama huko. "Wanaandika nini tena hapa?"

"Shule ulinizidi, wewe ulimaliza la saba. Soma."

"Miwani sina."

"Herufi kubwa hizo, mzee," fundi akasema, "hata mimi bila miwani nasoma. Na safari hii hazina matatizo."

Mwendesha bodaboda mmoja, yule yule aliyenicheka jana, akasema, "Soma, mzee, tukusikie!" Na wengine wakadakia, soma, soma, kwa mchezo tu, walikuwa hawajui wanachokiomba. Shemeji akaegemea fimbo.

"Nyumba ya Moshi," akasema.

"Moshi wa nini?" nikamuuliza.

Nikangoja. Nimeshawahi kusimama kwenye maji nusu siku, kungoja naweza. Wanawake wa mwaloni walikuwa wameweka mabeseni chini. Wengi wao wana macho kama yangu sasa, maana baada ya mimi kuondoka kuna waliojifunza kubanika, na hakuna aliyewauliza kitu.

"Wa samaki," akasema shemeji yangu. Alisema chini chini.

"Hawajasikia."

"Wa samaki! Ulikuwa moshi wa samaki. Si kila mtu anajua?"

"Wote mlijua," nikasema.

Akaondoka na fimbo yake. Wifi hakutokea kabisa, niliambiwa yupo ndani anaumwa mguu. Mwenyekiti wa zamani amehamia ng'ambo ya ziwa, kupita Kigongo, kwa mwanawe, huko nako nitafika.

Fundi alitundika ubao rangi ikiwa bado mbichi. Nikamwomba mwenye nyumba aupige picha kwa simu yake, mimi nikiwa chini yake, mkono wa kushoto mbele, kisha amtumie binti yangu, aisambaze kule ilikopita ile ya kwanza. Aliniuliza kama nataka nitabasamu. Nikamwambia hapana, apige hivyo hivyo, macho yaonekane.